Mgonjwa Asiyeletwa na Mtu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, madaktari wenzangu, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa tano ambao baada ya wiki chache mtaanza kuitwa madaktari kabla hamjalizoea jina lenyewe: nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba mmeniomba nizungumzie kazi ambayo, nilipokuwa nimekaa kwenye viti kama hivyo mlivyokalia, haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Aliyetufundisha upasuaji alituandaa kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa. Aliyetufundisha uzazi alituandaa kwa ng'ombe, kisha kwa ng'ombe tena. Hakuna aliyetudokeza kwamba mmoja wetu angemaliza zaidi ya miaka 20 katika jengo lisilo na madirisha akitibu panya weupe, sungura na simbilisi, na kulipwa mshahara wa chuo kikuu kwa kazi hiyo.

Sikuichagua. Chuo kilichoniajiri kilikuwa na nyumba ya wanyama wa utafiti, wafadhili wakatuma mkaguzi, mkaguzi akauliza daktari wa nyumba hiyo ni nani, na watu wakatazamana. Mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi mgeni kuliko wote, sina hata meza ya kudumu, kwa hiyo kabla ya saa za kazi kwisha nilikuwa na barua ya uteuzi mfukoni na funguo mkononi. Habari zilipofika nyumbani kwamba nimekuwa daktari wa panya, watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mama yangu mkubwa peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa dhati kabisa, "Mwanangu, hao panya wana mwenyewe?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba ni wa chuo, tukaingia kwenye mazungumzo mengine. Ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba alikuwa ameuliza swali ambalo kazi yangu yote ingekuwa ni kulijibu.

Katika kliniki, mgonjwa huletwa. Mfugaji huondoka nyumbani alfajiri akimswaga ng'ombe aliyegoma kula, mama hufika amembeba mbwa ndani ya kanga kuukuu, kijana huja na kuku watatu ndani ya tenga, na kabla hujamgusa mnyama umekwisha kuambiwa ugonjwa umeanza lini, amekula nini, amezaa lini na jirani amepoteza wangapi. Tulifundishwa kwamba maelezo hayo ni nusu ya utambuzi wa ugonjwa, na ni kweli. Panya wa maabara hana mtu wa kumletea maelezo. Ana kadi mbele ya kizimba chake, yenye namba, tarehe ya kuzaliwa, ukoo wake na jina la mtafiti; na huyo mtafiti, ambaye ndiye tungeweza kumwita mwenyewe, ndiye pia mwenye sindano. Isitoshe, mgonjwa huyu anaficha. Panya ni chakula cha mwewe, bundi, paka na nyoka, na anayeonyesha kwamba anaumwa ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo kiumbe mkubwa kama wewe anapoingia chumbani, hata panya aliye taabani hujikaza akatembea kama mzima. Hakuna atakayekuita. Usipokwenda kumtazama hutajua lolote, mpaka asubuhi ukute mzoga.

Aliyenifundisha kutazama hakuwa profesa. Alikuwa mhudumu wa wanyama, mzee ambaye sote tulimwita Babu, aliyeishia darasa la saba na kufanya kazi katika nyumba ile tangu ilipokuwa banda la mabati. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nikiingia vyumbani kwa kishindo, daftari mkononi, nikifungua vizimba kimoja baada ya kingine. Siku ya nne akanishika mkono mlangoni. "Daktari, subiri kwanza. Simama hapa, usiseme kitu." Tulisimama dakika mbili hivi, mpaka panya wakatusahau. Kisha akaanza kunionyesha kwa kidevu. Kizimba kile, kiota kimejengwa kikainuka, karatasi zimechanwa vizuri, hao hawana neno. Cha pili kutoka chini, kiota kimetawanyika tangu jana na hakuna aliyekirudisha. Cha pembeni, wanne wamelala pamoja na wa tano amelala peke yake, huyo mtoe. Nilimtoa. Meno yake ya mbele yalikuwa yameota upande, la chini limepinda mpaka linakaribia kutoboa kaakaa, naye alikuwa amekaa siku kadhaa bila kula huku chakula kimejaa mbele yake. Mnajua kwamba meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Mimi pia nilijua, maana nilikuwa nimeliandika kwenye mtihani. Babu hakuwa ameliandika popote, lakini alikuwa ameona mnyama mmoja amelala peke yake.

Baadaye sayansi ilimfikia Babu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa kwenye uso wa panya: macho yanavyobanwa, pua inavyotuna, mashavu yanavyovimba, masikio yanavyovutwa nyuma na masharubu yanavyobadilika. Nilimwonyesha Babu picha zake. Alizitazama kwa muda, akasema kwamba habari ya mashavu ilikuwa ngeni kwake, hizo nyingine alikuwa anazijua. Mwaka huohuo watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia, kama tulivyofundishwa sote, huishi na hofu kuliko yule anayeachwa aingie mwenyewe kwenye bomba au anayechotwa kwa viganja viwili. Hilo tulilitekeleza wiki ileile tulipolisoma. Tulinunua bomba la plastiki kwenye duka la vifaa vya ujenzi, fundi akalikata vipande vifupi, kila kizimba kikapata kimoja, na gharama yake yote ilikuwa ndogo kuliko chai ya kikao kimoja cha idara. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba ustawi wa wanyama ni anasa ya nchi tajiri.

Najua kuna mmoja wenu anayeuliza kimoyomoyo: ya nini yote haya, kwa mnyama atakayeuawa mwisho wa mwezi? Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba kiapo chetu hakikuweka umri wala bei ya mgonjwa. La pili ni la kisayansi, na nitalieleza kwa mkasa mmoja, kwa kuwa watafiti hulikubali la pili upesi zaidi.

Mtafiti mmoja alikuwa akijaribu dawa inayotokana na magome ya mti fulani, akiwatumia simbilisi. Baada ya wiki tatu hivi aliniita akiwa na huzuni: wanyama wake walikuwa wamevimba viungo, wanaburuza miguu ya nyuma, na ukiwashika wanapiga kelele. Alikuwa amekwisha kuanza kuandika kwamba dawa ina sumu inayoshambulia viungo. Niliomba kuona kundi ambalo halikupewa dawa, nao walikuwa vilevile, ila hakuna aliyewashika mara kwa mara kama wale wengine, ndiyo maana kelele zao hazikusikika. Nikaenda stoo. Simbilisi walikuwa wakilishwa peleti za sungura, kwa kuwa za simbilisi zilikwisha na mtu wa manunuzi aliona peleti ni peleti. Sasa, sungura hujitengenezea vitamini C mwilini mwake, kwa hiyo chakula chake hakiongezewi. Simbilisi, kama sisi binadamu na nyani, hawezi. Jambo hilo linajulikana tangu mwaka 1907, pale wanasayansi wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walipowalisha simbilisi nafaka tupu wakawaona wakipata kiseyeye kilekile kilichokuwa kikiwaua mabaharia. Nilichokikuta mbele yangu kilikuwa kiseyeye, wala magome hayakuwa na hatia yoyote. Tuliwapa vitamini C kwa mdomo, pilipili hoho na mapera kutoka sokoni, na waliokuwa hawajazidiwa wakaanza kutembea ndani ya wiki. Utafiti wote ulirudiwa upya. Nikaongeza kanuni moja ukutani pale stoo: hata peleti za simbilisi zenyewe, tarehe ya kutengenezwa isomwe, kwa maana vitamini hiyo huharibika kwa joto na muda, na stoo yetu mwezi wa pili ni tanuri.

Mnyama anayeumia hutoa jibu la uongo, na sayansi haina namna ya kujua kwamba imedanganywa. Panya mwenye baridi, mwenye hofu, mwenye minyoo au aliyenyimwa usingizi na taa iliyosahauliwa usiku kucha, damu yake na homoni zake si za panya uliyedhani unampima.

Nimetaja makosa ya wengine, kwa hiyo ni haki nitaje na langu. Lilitokea katika mwaka wangu wa pili. Mwanafunzi wa uzamili aliniletea mpango wa utafiti kuhusu uponaji wa vidonda kwa sungura sita, nami, nikiwa na maombi mengine kumi na moja mezani, nilisoma mbiombio. Mahali pa dawa ya maumivu alikuwa ameandika "itatolewa inapohitajika." Nikatia saini. Alifanya upasuaji Ijumaa mchana, kwa usafi na ustadi mzuri tu, baada ya kuwafungisha sungura tangu Alhamisi jioni kama tunavyowafungisha mbwa, akaenda zake akiamini kwamba wakihitaji dawa mtu ataona. Sungura hawezi kutapika, hivyo hakuna sababu ya kumnyima chakula usiku kucha; tumbo lake likikaa tupu na mwili ukiwa na maumivu, matumbo husimama. Jumatatu asubuhi nilikuta sungura wote sita wamejikunyata kwenye pembe za vizimba, wamegeukia ukutani, macho nusu wazi, na chini ya vizimba hakuna kinyesi hata punje moja. Ukiinama ukatega sikio ulisikia sauti ndogo kama ya mtu anayesaga mchanga: walikuwa wakisaga meno, na sungura husaga meno namna hiyo kwa maumivu. Wawili walikufa siku hiyo licha ya maji, dawa na kukandwa tumbo.

Hakuna aliyenilaumu. Hakuna mfugaji aliyenijia juu, hakuna aliyedai fidia, mwanafunzi aliniomba radhi mimi badala ya mimi kumwomba yeye, na mkuu wa idara aliuliza tu kama sungura wengine wanapatikana. Hapo ndipo swali la mama mkubwa liliponirudia. Mnyama asiye na mwenyewe akifa kwa uzembe wako, ukimya wa watu ndiyo adhabu yako, na mtu anaweza kuuzoea ukimya huo akauita amani. Tangu wakati ule neno "inapohitajika" halikubaliki kwenye fomu zetu. Huandikwa jina la dawa, kipimo kwa kilo, saa ya kuchomwa, jina la mchomaji na namba ya simu ya daktari, na upasuaji wowote unaohitaji uangalizi wa siku mbili haufanyiki Ijumaa.

Fomu hizo hupelekwa kwenye kamati, na kwa kuwa wengi wenu mtakuja kukaa kwenye kamati kama hizo, niseme zilikotoka. Uingereza ilitunga sheria ya majaribio ya wanyama tangu 1876. Nchini Marekani daktari wa kwanza wa mifugo kuajiriwa kwa kazi hii anatajwa kuwa Simon Brimhall, aliyechukuliwa na Mayo Clinic mwaka 1915, lakini sheria ya nchi ilisubiri miaka 50 zaidi, na iliyoamsha watu ilikuwa habari ya mbwa mwenye mwenyewe: Pepper, jike la madoadoa lililoibwa Pennsylvania mwaka 1965, familia ikamtafuta kila mahali, kumbe ameishia kwenye maabara ya hospitali huko New York na amekwisha kufa. Sheria ikasainiwa Agosti 1966. Mwaka 1985 ikaongezwa masharti ya kila taasisi kuwa na kamati yenye daktari wa wanyama na mtu mmoja wa nje asiyehusiana na taasisi. Na bado, mpaka leo, sheria hiyo ya Marekani haimhesabu panya aliyezalishwa kwa ajili ya utafiti. Wengi wao hulindwa na masharti ya wafadhili badala ya sheria yenyewe. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na Kenya wana Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Zisomeni. Ni fupi kuliko mnavyodhani.

Katika kamati yetu mtu wa nje ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na maswali yake ndiyo yanayoogopwa kuliko ya maprofesa. Huuliza, "Kwa nini ishirini?" Basi. Mtafiti aliyejiandaa hueleza hesabu yake, aliyenakili idadi kutoka kwa aliyemtangulia hutoka jasho. Wengi mmesikia habari za kanuni tatu zilizopendekezwa na Waingereza wawili, Russell na Burch, mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, boresha namna anavyotendewa. Kanuni ya pili hueleweka vibaya. Nimewahi kumlazimisha mtafiti aongeze panya kutoka wanne hadi tisa kwa kila kundi, kwa sababu jaribio lenye wanyama wachache mno kutoa jibu limewaua hao wachache bure.

Mara nyingine mabishano ni ya hesabu ya darasa la tano. Mtafiti anataka nusu mililita ya damu kwa kila panya, kila wiki. Panya mdogo ana gramu 25, na damu yake yote haizidi mililita mbili. Umemwomba robo ya damu yake. Tunatoa asilimia kumi, tena kwa nafasi ya wiki mbili. Wengine hukasirika, mmoja, mtu mzima na msomi mkubwa, aliniambia mbele ya vijana wangu kwamba hakusoma mpaka akafika pale ili aje azuiwe na daktari wa ng'ombe. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba shikamoo yake nampa asubuhi na jioni, ila sindano hiyo haitaingia. Mamlaka ya kusimamisha kazi ya mkubwa wako yapo kwenye barua ya uteuzi. Mkikubali ajira ya namna hii hakikisheni yameandikwa, kwa sababu siku ya kuyahitaji hamtapata muda wa kuyaomba.

Msidhani basi kwamba daktari wa wanyama wa maabara ni mpinzani wa utafiti aliyejificha ndani yake. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Babu mzaa baba alitusimulia, kama alivyosimuliwa na baba yake, jinsi sotoka, tauni ya ng'ombe, ilivyopita miaka ya 1890 na kuacha mazizi matupu. Chanjo iliyotumika baadaye katika eneo letu ilipatikana kwa kupitisha virusi kwenye miili ya mbuzi pale Kabete, na ilikuwa kali kwa baadhi ya aina za ng'ombe. Kisha Walter Plowright na wenzake wakiwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakavikuza virusi hivyo kwenye seli za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, mpaka vikapoteza ukali bila kupoteza uwezo wa kukinga. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Nawaomba mwone mambo mawili hapo kwa pamoja. Mbuzi hawakuhitajika tena kutengeneza chanjo, seli zikachukua nafasi yao, na huo ndio ubadilishaji ambao Russell na Burch walikuwa wakiuandika miaka ileile. Lakini kujua kama chanjo inakinga, ilibidi ng'ombe hai wachanjwe kisha wakutanishwe na virusi vikali. Wafugaji wa leo wanadaiwa na ng'ombe wale, na hakuna anayejua namba zao.

Kuhusu umeme na maji nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo yanayokula muda wangu kuliko tiba. Mwezi Juni 2001 dhoruba ilipoifurika Houston, vyuo vikuu vya huko vilipoteza maelfu ya wanyama wa utafiti waliozama katika ghorofa za chini ya ardhi. Sisi hatuna ghorofa za chini. Sisi tuna jenereta ambayo dizeli yake huazimwa kwa ajili ya gari la msafara, na tangi la maji ambalo hukumbukwa likikauka. Nimejifunza kumjua fundi umeme wa chuo kwa jina, kumjulia hali watoto wake, na kuwa na namba yake binafsi. Hilo limeokoa wanyama wengi kuliko kisu changu cha upasuaji.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo wageni wetu hulinong'ona. Ndiyo, tunaua. Nimeua wanyama wengi kuliko wachinjaji wengi ninaowajua, na wengi wao walikuwa wazima wa afya. Kuna namna ya kuifanya kazi hiyo: dawa ya usingizi iliyozidishwa kipimo, au gesi inayoingizwa polepole, ingawa ile ya kabonidayoksaidi panya huikwepa wakipewa nafasi, nami siipendi; na ifanyike katika chumba tofauti, mbali na macho na pua za wengine, na asiondoke mtu mpaka athibitishe kwamba moyo umesimama, kwa sababu panya aliyedhaniwa amekufa akaamka ndani ya mfuko wa taka ni aibu isiyofutika. Siku moja Babu alikataa kumshika sungura mmoja. Alimlisha miaka miwili, alikuwa akimwita Bibi Harusi kwa weupe wake. Sikumlazimisha, nikamshika mimi. Kesho yake tuliandika kwamba aliyemlisha mnyama halazimiki kumuua, na sijaona kazi ikikwama kwa sababu hiyo.

Mnamfahamu Magawa, panya buku aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akanusa mabomu ya ardhini 71, akavishwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Alipokufa Januari 2022 dunia nzima ilipewa habari. Nafurahi kwa ajili yake. Wagonjwa wangu wana namba kwenye sikio, na kwenye daftari langu kila namba ina mstari wake: aliingia lini, aliumwa nini, alipewa nini, alikufaje na mbele ya nani. Daftari la kwanza nililianza wiki ya wale sungura. Sasa yako kumi na manne, na mama mkubwa, Mungu amrehemu, aliwahi kuliona moja akalifungua, akasema, "Kumbe wanaye."

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niseme ya ajira. Baada ya shahada na usajili wa Baraza la Veterinari mtahitaji mafunzo ya ziada, na kwa sasa mengi hupatikana nje. Wamarekani wana bodi ya ubobezi huu tangu 1957, sisi bado. Nafasi ni chache lakini waombaji ni wachache zaidi. Mshahara ni wa mhadhiri wa kawaida. Baada ya miaka kadhaa baadhi yenu mtapata mzio, kwa kuwa mkojo wa panya una protini inayopeperuka na vumbi la maranda. Mimi natembea na dawa ya kupuliza ya pumu, hii hapa, na ningekuwa nimevaa barakoa tangu mwanzo nisingeihitaji.

Waliojiandikisha kututembelea Jumatatu, taa za vyumba huwaka saa moja asubuhi, nami hufungua saa moja na nusu. Mtavaa makoti na viatu vyetu. Mtasimama mlangoni dakika mbili bila kusema kitu, na nitawauliza mmeona nini. Wanaume msichukie nikiwataka msimame nyuma kidogo: mwaka 2014 watafiti walewale wa McGill walionyesha kwamba harufu ya mwanamume peke yake huwapa panya msukosuko. Na wote, tafadhali, njooni bila marashi.